Chakula cha mchana kwa wazee wasiotoka nyumbani: mwongozo kwa vikundi vya kujitolea Uganda

Vikundi vingi vya kujitolea huanza na nguvu kubwa. Sufuria zinapatikana, kina mama wanajitokeza kupika, vijana wanaleta baiskeli zao. Baada ya miezi michache kazi inalegea, na mara nyingi pesa si chanzo pekee. Chakula kilifika kimepoa, au kilikuwa kigumu kwa mtu asiye na meno, au kilikuwa na kitu ambacho kwao mzee hakiliwi. Mzee alishukuru, akafunika sahani, na jioni ikaliwa na kuku.

Kwa hiyo kipimo cha kazi hii ni kimoja: mzee alikula nini na kiasi gani. Idadi ya sahani zilizotoka jikoni inamfaa mtunza hesabu, lakini haimwambii mtu yeyote kama Bibi anapata nguvu au anazidi kukonda. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kipimo hicho. Vipimo vya chakula ni vya wazee 20. Kikundi kipya kianze na 10, kigawanye kila kitu kwa mbili, kikae hapo miezi mitatu.

1. Anzeni kwa wanaozijua nyumba

Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anajua nani yuko katika kila nyumba. VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, anajua kilicho ndani zaidi: nani yuko kwenye dawa za presha, nani alipata kiharusi, nani huanguka. Waombeni kila mmoja aandike orodha yake peke yake, kisha muziweke pamoja. Mtakuta majina yaliyo kwenye orodha moja tu. Wanaosahauliwa sana ni wazee wanaopanga chumba kimoja nyuma ya maduka, na wale walioletwa kutoka kijijini kuishi kwa watoto wao, ambao mtaa haujawazoea.

Mwombeni mwenyekiti barua ya utambulisho yenye muhuri, na kila jozi ya wapelekaji ibebe nakala. Kisha nendeni gombolola (ofisi ya kaunti ndogo) kwa ofisa wa maendeleo ya jamii, yule anayeitwa CDO, mumweleze mnataka kufanya nini. Yeye ndiye atakayewaambia taratibu za kuandikisha kikundi, na ndiye mtakayemhitaji mkikuta mzee anayeteswa au aliyetelekezwa. Ulizeni pia wawakilishi wa wazee. Sheria ya Baraza la Taifa la Wazee ya mwaka 2013 iliweka mabaraza hadi kwenye serikali za mitaa, na wawakilishi hao huwa na habari ambazo ofisi haina.

Majina yakizidi uwezo wenu, wa kwanza ni anayeishi peke yake na hawezi kuwasha moto. Wa pili ni wenzi wawili ambao mmoja anamuuguza mwenzake. Wa tatu ni mzee anayelea wajukuu. Mzee ambaye mwanawe hutoka asubuhi na kurudi jioni anaweza kusubiri kidogo, ingawa asisahauliwe, maana saa 10 bila kula wala kunywa si jambo dogo.

2. Mwandikishe mzee kwa kukaa naye

Tengeni nusu saa kwa kila nyumba, watu wawili, mmoja akiwa anasema lugha ya mzee. Bombo, Arua au Busia Kiswahili kinaweza kutosha. Kwingine tafuteni anayesema Luganda, Lusoga, Ateso au Lugbara, kwa sababu mzee hawezi kueleza maumivu ya tumbo kwa lugha ya kuazima. Msalimuni kwa desturi yake: nyumba ya Kiislamu ina salamu yake, na kwa Baganda msichana anayemsalimia Jajja (babu au bibi) akiwa amesimama ameshaharibu mazungumzo kabla hayajaanza.

Andikeni ukurasa mmoja:

- Meno: anatafuna nini, na upande gani. Mwombeni awaambie kitu cha mwisho alichoshindwa kutafuna.
- Kumeza: je, hukohoa akinywa maji au chai? Sauti yake huwa na majimaji baada ya kula?
- Magonjwa na saa za dawa. Kisukari kiandikwe kwa wino mwekundu, na kama anachoma insulini iandikwe saa yake.
- Vitu asivyokula na sababu.
- Nani yuko nyumbani saa sita hadi saa nane mchana, nani anafungua mlango, ufunguo wa akiba uko kwa nani.
- Mtu wa kupigiwa simu, na jirani wa karibu ambaye mzee mwenyewe anamwamini.
- Maji ya kunywa: yanatoka wapi, nani anayachemsha.

Swali la vitu asivyokula linataka utulivu. Kwa Baganda kila mtu ana muziro, yaani kitu cha mwiko cha ukoo wake, na wazee wengi wanaushika. Wa ukoo wa Mamba hali samaki wa jina hilo, wa Butiko hali uyoga, wa Mpindi hali kunde. Kuna pia wanawake wakongwe wanaofuata desturi ya zamani iliyowakataza kuku na mayai, hata kama wajukuu wao wa kike wanakula bila wasiwasi. Mpishi asiyejua hili atampelekea mwanamke wa miaka 85 mayai kila Jumatano akidhani anamjenga mwili. Msibishane naye. Mpeni karanga au dagaa badala yake. Kwa nyumba za Waislamu nyama iwe imechinjwa kwa taratibu zao, na njia rahisi jikoni ni kuchinjisha yote hivyo na kutoleta nguruwe kabisa kwenye sufuria za kikundi.

Kurasa hizi zina siri za afya za watu. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019, lakini hata bila sheria msingeziacha mezani. Daftari kuu likae kabatini chini ya ufunguo, na mpelekaji abebe karatasi yenye namba za wazee, saa na maagizo ya chakula tu. Msipige picha za wazee na sahani kwa ajili ya WhatsApp ya wafadhili bila mzee kuelewa picha inakwenda wapi na kukubali.

3. Hesabuni watoto walio nyumbani

Hapa ndipo mipango mingi inapovuja bila mtu kuona. Nyumba nyingi za wazee Uganda zina wajukuu. Mkileta sahani moja kwa bibi anayelea watoto watatu, bibi atawagawia watoto kwanza. Hakuna hotuba itakayombadilisha, wala hakuna sababu ya kutaka kumbadilisha. Ukipita baada ya saa moja sahani ni safi, daftari linaandikwa "amekula chote", na mwezi unaofuata amekonda.

Suluhisho ni kupima nyumba nzima. Kwa kila mtoto aliye nyumbani mchana ongezeni nusu ya kipimo cha posho (ugali) na nusu ya maharage, kwenye chombo cha pili. Chombo cha mzee kiwe na kile anachokihitaji yeye hasa, kimelainishwa. Kama uwezo haufiki huko, chukueni wazee wachache zaidi. Wazee 12 wanaoshiba pamoja na wajukuu wao ni kazi bora kuliko 20 wanaoonja. Watoto wanaokaa nyumbani siku za shule muwataje kwa VHT au mwalimu.

4. Vipimo

Mzee anahitaji protini ya angalau gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mzee wa kilo 50 anahitaji gramu 50, na kwa kuwa asubuhi wengi hunywa chai kavu na jioni mabaki, chakula cha mchana kibebe karibu nusu. Sasa tazameni kinachopatikana sokoni:

- Unga wa posho gramu 120: protini karibu gramu 10
- Maharage makavu gramu 70: karibu gramu 15
- Karanga gramu 40: karibu gramu 10
- Mukene (dagaa) mkavu gramu 20: karibu gramu 11
- Yai 1: gramu 6
- Matooke (ndizi za kupika) gramu 250 baada ya kumenya: gramu 3 tu

Kwa hiyo posho na maharage, chakula ambacho watu wanakidharau kwa sababu ya shule na kambi, tayari kinafikia gramu 25. Matooke, chakula cha heshima ambacho wazee wengi wanakipenda kuliko vyote, hakifiki popote bila mchuzi mzito. Siku ya matooke wekeni karanga na mukene pamoja.

Kwa watu 20, siku ya posho: unga kilo 2.4, maji lita 6 (posho ya wazee iwe laini kuliko ya kawaida), maharage makavu kilo 1.4, dodo (mchicha) au sukuma kilo 2 kabla ya kuchambua, nyanya kilo 1, vitunguu nusu kilo, mafuta mililita 200. Siku ya matooke: nunueni kilo 8 ili zibaki kama 5 baada ya kumenya, karanga za kusaga gramu 800, mukene gramu 300 hadi 400. Siku ya wali: mchele kilo 1.6 na nyama ya kusaga kilo 1.2. Siku nyingine viazi vitamu vya njano na maharage. Kila siku tunda laini: papai, ndizi mbivu au robo ya parachichi.

Chumvi iwe vijiko 5 vya chai vya kusawazisha kwa sufuria zote, yaani chini kidogo ya gramu 1.5 kwa mtu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima, na wengi wa wazee hawa wana presha. Wataanza kwa kulalamika. Tieni vitunguu vingi, kitunguu saumu, tangawizi, limau na bizari, na msiweke vidonge vya mchuzi, kwa sababu navyo ni chumvi.

Mambo manne ya kununua. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu msizichukue hata kwa bei ya bure. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na zilizokwisha sagwa sokoni huwezi kuzichagua, kwa hiyo nunueni nzima, mchambue, mkasagishe wenyewe. Mukene chukueni uliokaushwa juu ya vichanja. Ule wa kuanikwa chini una mchanga, na mchanga kwenye fizi za mzee ni mateso. Maharage yawe mapya ya msimu, maana ya zamani hayaivi hata yapikwe mpaka jioni. Soya ya kuchanganya kwenye unga wa uji iwe imekaangwa kabla ya kusagwa, kwa sababu soya mbichi huzuia tumbo kusaga protini.

5. Jikoni

Jioni kabla: chambueni maharage, yaosheni, yaloweke saa 8 hadi 12. Asubuhi mwageni maji hayo.

Saa 2 asubuhi washeni sigiri. Maharage yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali, na yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo yanaweza kutapisha na kuharisha. Kisha yaive polepole mpaka yapondeke kwa ulimi na kaakaa la juu. Jaribuni hivyo hivyo, bila kutumia meno. Kile ambacho mpishi mwenye meno 32 anakiita laini mara nyingi bado ni kigumu.

Mukene utolewe vichwa, uoshwe mara tatu kwa maji ya vuguvugu, ukaangwe bila mafuta mpaka ukauke, utwangwe kuwa unga. Unga huo unachanganyika kwenye mchuzi wa karanga bila mtu kuhangaika na mifupa. Dodo ikatwe nyembamba sana kabla ya kupika, kwa kuwa majani marefu humkwama mzee kooni.

Gaweni sufuria katika namna tatu za mlo: wa kawaida, wa kupondwa, na wa kumeza kwa kijiko kama uji mzito. Huu wa tatu ni chakula kile kile kilichopondwa na kulainishwa kwa mchuzi, si uji wa sukari. Mzee wa kiharusi anayepewa uji mtupu kila siku atadhoofika mbele ya macho yenu.

Mpishi mwenye kuhara au kutapika asiingie jikoni mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Mlipeni malipo yake ya siku hizo kama mnawalipa wapishi. Asipolipwa ataficha ugonjwa.

6. Kufunga chakula na kukiweka moto

Chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Chini ya nyuzi 60 wadudu wa magonjwa huzaana, na tumbo la mtu wa miaka 80 halina ubishi nao. Nunueni kipimajoto kimoja cha kuchoma kwenye chakula. Pimeni sahani ya mwisho ya njia ndefu kuliko zote mara moja kwa wiki. Ikisoma chini ya 60, njia hiyo ni ndefu mno au vyombo vimeshindwa.

Kosa la kawaida ni kuweka chakula cha moto kwenye hotpoti baridi. Ukuta wa chombo hunyonya joto papo hapo. Mimineni maji yanayochemka ndani ya kila hotpoti, fungeni dakika 10, mwageni, futeni, kisha pakueni chakula kikiwa bado kinatoa mvuke. Jazeni chombo, maana nafasi tupu hupoza.

Bila hotpoti, tumieni vyombo vya stili vyenye mfuniko ndani ya kasha la mbao au boksi gumu lililotandikwa blanketi kuukuu au makapi ya migomba makavu, unene wa sentimita 8 pande zote, chini na juu pia. Vyombo vibanane. Msifunge chakula cha moto kwenye kavera (mfuko wa plastiki). Kinalowa, kinapoa haraka, na plastiki nyembamba haikutengenezwa kwa moto huo. Jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto kwa matooke linafaa, na harufu yake huamsha hamu ya kula, jambo ambalo wazee wengi wamelipoteza.

Kila mzee awe na seti mbili za vyombo, moja ikienda, moja ikirudi. Kwa watu 20 ni seti 40. Andikeni namba kwa rangi ya mafuta, si jina. Vioshwe kwa sabuni, visuuzwe, vimwagiwe maji ya moto, vianikwe kwenye kichanja mpaka vikauke vyenyewe. Kitambaa kimoja cha kufutia vyombo 40 hueneza uchafu wa kimoja kwa vyote.

7. Njia na zamu

Jozi inayotembea kwa miguu ipewe nyumba 6. Dakika 10 kwa kila mlango ni saa moja, na kutembea dakika 40, jumla saa 1 na dakika 40, mkiwa bado mna akiba ya dakika 20 kabla ya zile saa 2. Kwa baiskeli au boda nyumba 8. Wazee 20 wanataka jozi tatu kwa siku, angalau moja ikiwa ya baiskeli au boda. Siku 5 kwa wiki ni zamu 30, na kila mtu akishika zamu mbili mnahitaji watu 15, pamoja na wanne wa akiba. Kikundi chenye watu 8 wenye moyo kitachoka. Punguzeni wazee au tafuteni watu.

Ondokeni saa 5:30. Wa kisukari wanaochoma insulini waanze, bila kujali nyumba yao iko upande gani. Wa mwisho afikiwe kabla ya saa 7:30.

Jozi ya kila siku ibaki ile ile kwa njia ile ile kwa miezi mitatu angalau. Mzee akizoea sura hizo atasema ukweli kuhusu chakula na kuhusu mwili wake. Wakati wa masika ya Machi hadi Mei na mvua za Septemba hadi Novemba, kila njia iwe na njia yake ya pili iliyokwisha tembelewa kabla, na jirani aliyekubali kuchukua chakula pale daraja linapozama.

8. Mlangoni

Bisheni hodi, subirini. Mzee mwenye magoti mabovu anaweza kuchukua dakika tatu kufika mlangoni, na wapelekaji wenye haraka huondoka akiwa njiani.

Ndani, mpangilio ni huu. Salimieni. Tazameni chombo cha jana kabla ya kukiosha au kukifunika: kimebaki nini? Andikeni kilichobaki kwa robo: chote, robo tatu, nusu, robo, hakuna. Mmiminieni maji ya kunawa mikono, na sabuni. Mkalisheni wima kabisa, miguu ikigusa sakafu, hata kama ni kitandani kwa mito. Fungueni mfuniko ninyi, kwa sababu vidole vyenye baridi yabisi haviwezi. Wekeni bilauri ya maji yaliyochemshwa karibu na mkono wenye nguvu. Subirini matonge ya kwanza matatu. Ulizeni dawa. Agaeni.

Mzee asiyeona vizuri aelezwe: posho iko upande wako, mchuzi upande wa ukuta. Anayekohoa akimeza ale kijiko kidogo kidogo, kidevu kikiinama kidogo, asizungumzishwe akiwa na chakula mdomoni, na abaki amekaa wima dakika 30 baada ya kula. Kumlaza mara moja hupeleka chakula kwenye mapafu.

Akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Akishindwa kukohoa wala kutoa sauti, mwinamisheni mbele, mapigo 5 ya kiganja kati ya mabega, kisha mbonyezeni 5 juu ya kitovu kwenda ndani na juu, mkibadilishana hivyo mpaka kitoke. Mwombeni nesi wa kituo cha afya awafundishe wote kwa mikono. Kusoma hakutoshi.

9. Mkiona hivi, fanyeni hivi

Mwenye kisukari anayetetemeka, anayetoka jasho jembamba au anayeongea maneno yasiyoeleweka: sukari yake imeshuka. Kama anaweza kumeza, mpeni vijiko 3 vya chai vya sukari katika nusu bilauri ya maji, ngojeni dakika 15, rudieni asipopata nafuu, kisha ale. Kama hawezi kumeza msimmiminie chochote mdomoni. Mlazeni kwa ubavu, tafuteni boda ya watu watatu au gari, aende kituo cha afya.

Mdomo kukauka, mkojo wa rangi ya chai, kuchanganyikiwa kulikoanza leo: mara nyingi ni maji. Wazee hawasikii kiu kama vijana, na wengine wanajinyima kunywa makusudi kwa kuogopa safari ya chooni. Ulizeni choo kiko wapi kabla ya kumwambia anywe zaidi. Pengine anachohitaji ni ndoo yenye kiti karibu na kitanda. Kama anaharisha, na hakuna pakiti za ORS, changanyeni vijiko 6 vya chai vya kusawazisha vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, na VHT aambiwe siku hiyo hiyo.

Mdomo umepinda ghafla, mkono mmoja umelegea, maneno yamevurugika: ni kiharusi mpaka daktari aseme vinginevyo. Msimpe chakula wala maji. Hospitali sasa, na andikeni saa dalili zilipoanza.

Kila mwezi pimeni mzunguko wa mkono wa juu wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kwa utepe ule wa VHT. Chini ya sentimita 23.5 kwa mtu mzima huashiria uzito mdogo. Kinachosema zaidi ni mwendo wake: kutoka 25 hadi 22.5 ni asilimia 10, na mtu huyo apelekwe kupimwa hata kama anasema hana tatizo.

Mlango haufunguki: iteni, zungukeni dirishani, ulizeni jirani, pigeni simu ya familia, chukueni ufunguo wa akiba, mwenyekiti wa LC1 awe nanyi mnapoingia. Yote haya ndani ya dakika 15, na chakula cha wengine kiendelee na mtu wa pili. Kamwe msiache sahani mlangoni na kuondoka.

10. Pesa, simu na karatasi za ardhi

Mzee atawaamini. Ndiyo sababu masharti haya yawekwe siku ya kwanza na kusainiwa na kila mpelekaji. Hamshiki pesa zake. Hamjui namba ya siri ya mobile money yake, na akianza kuwatajia mkatizeni. Hamsaini wala kushuhudia karatasi yoyote ya kibanja, mauziano au wosia. Mgogoro wa ardhi ukiibuka miaka mitano baadaye, jina la kikundi lisiwe pale. Mkiona watu wanamletea mzee karatasi za kuweka dole gumba, mwambieni CDO na mwenyekiti wa LC1 siku hiyo.

Serikali hulipa wazee wa miaka 80 na zaidi shilingi 25,000 kwa mwezi kupitia mpango wa SAGE. Wasiotoka nyumbani ndio wanaokosa, kwa sababu kitambulisho cha taifa hakipo au mwaka wa kuzaliwa uliandikwa vibaya. Mnachoweza kufanya ni kupeleka jina kwa CDO na kufuatilia. Mpelekaji wa chakula asiwe yeye wa kumchukulia mzee pesa hizo. Hiyo ni kazi ya ndugu aliyetambuliwa rasmi.

11. Ijumaa jioni, Ramadhani na sikukuu

Siku mbili za mwisho wa wiki zinaweza kufuta kazi ya siku tano. Ijumaa acheni mfuko: unga wa uji wa ulezi na soya gramu 300 (vikombe 3 vya ulezi kwa 1 cha soya), mayai mabichi 4 au karanga gramu 100 zilizosagwa, ndizi 4. Mfuko huu hauna maana kwa asiyeweza kuwasha moto. Kwake tafuteni jirani wa kupika, na mfuko upelekwe kwa jirani huyo ukiwa na sehemu yake pia, ili asione anabebeshwa mzigo.

Katika Ramadhani waulizeni wazee Waislamu mmoja mmoja. Dini imemruhusu mzee dhaifu kutofunga na kutoa fidia, lakini wengi hawataki kuiacha funga, na anayetumia insulini au vidonge vya sukari aongee na daktari na imamu wake kabla mwezi haujaandama. Wanaofunga wapelekewe saa 12 jioni, kwa jozi zenye tochi na njia fupi zaidi. Pangeni hili mwezi mmoja mapema, maana wapelekaji wenu Waislamu nao watakuwa wanafuturu.

12. Daftari la mwisho wa mwezi

Jumlisheni mabaki kwa kila mlo na kwa kila mzee. Mlo unaoachwa nusu na zaidi na wazee 5 kati ya 20 ubadilishwe. Mzee anayeacha nusu siku tatu mfululizo, milo yoyote ile, atembelewe na mratibu ndani ya siku mbili, akatazamwe mdomoni kwanza: vidonda, jino bovu, meno bandia yaliyolegea baada ya kukonda. Linganisheni gharama ya sahani mliyoipanga na mliyotumia kweli, mkiweka mkaa na usafiri ndani, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyosahauliwa kwenye bajeti ya kwanza.

Mzee akifariki au akihamia kwa watoto, nafasi yake isijazwe siku hiyo hiyo. Jozi yake ipewe wiki moja, wahudhurie mazishi, warudishe vyombo. Kisha chukueni jina linalofuata kwenye orodha na mrudi hatua ya pili, nusu saa, watu wawili, ukurasa mpya. Msiongeze idadi mpaka miezi mitatu ipite bila siku hata moja ya kukosa kupeleka, na akiba ya unga na maharage ya wiki mbili iwe stoo.